Anzia Shuka la Chini

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Mama Mwandishi,

Shikamoo Mama. Mimi ni mhariri msaidizi katika ofisi ya Tuzo ya Hadithi za Sayansi na Maajabu. Tafadhali kaa kitako kwanza ndipo uendelee kusoma. Hadithi yako ya "Vumbi la Mwezini" imeshika nafasi ya kwanza. Zilikuja hadithi mia mbili na kumi na nne, na yako ndiyo pekee ambayo waamuzi wote watatu waliikubali bila kurushiana maneno. Wafanyakazi wa zamani wananiambia jambo hilo halijawahi kutokea. Mimi mwenyewe nina miezi minne tu hapa, bado niko kwenye majaribio, kwa hiyo nawaamini.

Utaratibu wetu ni huu. Kitabu kamili cha hadithi saba zilizoshinda kitatoka mwezi wa nane. Kabla yake tunatoa kijitabu kinachoitwa Kionjo, chenye kurasa tatu za mwanzo za kila hadithi pamoja na maneno ya waamuzi. Tunakipeleka kwenye maktaba, shuleni na mahali wanapofanya kazi washindi, ili wasomaji waonje na kupata hamu. Tarehe 20 Aprili, saa nne asubuhi, kutakuwa na hafla katika ukumbi wa maktaba kuu. Kila mshindi atasoma kurasa zake tatu, na wewe utakabidhiwa ngao.

Waamuzi wamesifu sana ujasiri wa mpangilio wako. Naomba uniandikie maelezo mafupi kukuhusu, mistari minne au mitano.

Karatasi zako nilizipiga chapa mimi mwenyewe, zote kumi na tisa. Mwandiko wako unasomeka kuliko wa bosi wangu, lakini hilo libaki kati yetu.

Binti yako,
Mhariri Msaidizi


Jumanne, 12 Machi

Binti yangu Mhariri,

Marahaba. Nilikaa kitako kama ulivyoniagiza, juu ya kapu la foronya, na nilipofika penye "nafasi ya kwanza" nikasimama tena. Wenzangu wakadhani kuna msiba. Nilipowaambia ni tuzo, tulizima mashine zote sita kwa dakika nzima, jambo ambalo hatulifanyi hata mtu akizimia.

Unataka mistari minne. Andika hivi: ana miaka hamsini na mitatu, anasimamia zamu ya asubuhi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, ana mikono miwili, vidole kumi na kucha sita. Usitie chumvi.

Kucha nne zilizopungua zilikwenda na dawa ya kung'arisha mashuka. Glavu za mwisho tulizopewa zilitoboka mwaka juzi, na tukiomba nyingine Meneja anasema kazi ni kuzoea. Ndiyo maana nikaandika juu ya wanawake wanane waliopelekwa mwezini na Kampuni kufua mavazi ya wachimba mawe, na vumbi la huko likawala kucha. Ningeandika juu ya hoteli, ningeitwa ofisini. Nikaona mwezini ni mbali vya kutosha. Kila karatasi moja niliiandika katika mapumziko ya chai ya dakika kumi na tano. Kengele ikilia, basi, kwa hiyo nilijifunza kumaliza kisa kimoja kabla karatasi haijaisha. Msikilizaji wangu alikuwa Jenerali. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, na jina alilipata kwa sauti yake, maana mashine zikinguruma zote bado unamsikia. Akiguna, nilikuwa nafuta. Akinyamaza, naacha.

Sasa nina neno. Hicho Kionjo chenu sikipendi. Mtu hupimwa mwisho wa safari, si mlangoni akiwa bado anavaa viatu. Mtu akisoma kurasa zangu tatu za kwanza ataona wanawake wanapanda chombo na kupewa aproni, basi. Atajuaje walikwenda kufanya nini? Kama ni lazima ziwe tatu, toa tatu za mwisho. Pale wanapofunga mlango wa chumba cha kufulia, mavazi machafu yanarundikana nje, wachimbaji hawana cha kuvaa, na Kampuni inabembeleza kwenye kipaza sauti nao hawajibu. Hiyo ndiyo hadithi. Mengine yote ni njia ya kufika hapo.

Mwambie bosi wako nimesema.

Mama wa Kufulia


Jumatano, 20 Machi

Mama yangu,

Asante kwa maelezo. Bosi alitaka kuzitoa zile kucha sita, nikamwomba aziache.

Kuhusu ombi lako la kurasa tatu za mwisho, utaona mwenyewe. Nakutumia Kionjo nakala mbili. Nyingine thelathini zimetumwa hotelini kwako kwa jina la Meneja, kama utaratibu ulivyo. Mpangilio ukikushangaza kidogo, naomba uusome kwa moyo mweupe. Waamuzi wamesoma vitabu vingi duniani, na sifa walizokupa sijaona wakimpa mtu mwingine.

Nakuombea heri,
Binti


Ijumaa, 29 Machi

Binti yangu,

Niliamua kuanza na hadithi za wenzangu, kama mgeni mwenye adabu. Nimezionja zote sita. Ile ya fundi cherehani aliyeletewa jini kumpima koti, akagundua jini hana mgongo, imeniua kwa kicheko. Nimekasirika sana ilipokatwa, maana mpaka leo sijui koti lilishonwaje. Ile ya mji ambao mvua inatumwa kwa posta nimeipenda, ingawa mwandishi anapenda mno kusifu mawingu. Roboti mkunga anayeogopa damu ana akili kuliko wakunga wawili ninaowajua. Ya chombo cha angani ambamo kila mtu ana namba badala ya jina sikuielewa, nikaiacha. Hizo mbili zilizobaki zinafaa kwa watoto wasiotaka kulala.

Kisha nikafika kwangu. Nikaona mlango umefungwa, Kampuni inabembeleza, wanawake wamenyamaza. Binti, nilifurahi mno. Nilidhani umenisikiliza, umempigania mama mfuaji mbele ya wakubwa, na kurasa tatu za mwisho zimewekwa kama nilivyotaka. Nikamwita Jenerali aone.

Halafu nikasoma maneno ya waamuzi. Nayanakili hapa ili uone nilichokiona: "Hadithi inaanza na mlango uliofungwa kwa hasira na kumalizikia kwenye shukrani. Kadiri wanawake wanavyoendelea kufua, kucha zao zinaota tena, moja baada ya nyingine. Ni muujiza wa kazi inayoponya." Na chini yake mmeweka mnachokiita aya ya mwisho: "Wakashuka ngazi mmoja mmoja, kila mmoja akapewa aproni, na kila mmoja akasema, asante Kampuni."

Hiyo ni aya ya karatasi ya kwanza. Niliiandika mwezi wa tano mwaka jana, siku ambayo mashine ya tatu iliharibika. Mmeisoma hadithi yangu kinyumenyume, wote, kuanzia waamuzi mpaka mpiga chapa.

Nimelala na jambo hili siku tatu nikitafuta kosa, na nimelipata kwenye mikono yangu mwenyewe. Sisi mashuka safi tunayapanga rundo, na la kwanza kutoka ni la chini kabisa, ili yote yapumzike sawasawa na yasichakae machache. Ukichomoa la juu utagombezwa. Karatasi zangu nilizipanga hivyohivyo bila kufikiri, ya kwanza chini, ya mwisho juu. Namba sikuweka. Kwetu hakuna anayeuliza rundo linaanzia wapi. Kosa ni langu, nalikubali mchana kweupe. Lakini kosa likishajulikana linarekebishwa, halipewi ngao.

Sasa sikia lililonichoma. Meneja amekuza ile aya ya asante pamoja na maneno ya kazi inayoponya, akaibandika ukutani kwetu, juu ya mashine ya kunyooshea. Amesema ni vizuri mfanyakazi wake mwenyewe kuwakumbusha wenzake. Tuliposema habari ya glavu akaelekeza kidole ukutani. Jenerali aliisoma mara mbili, akanitazama, akasema, "Kumbe ndivyo ilivyoishia ulipowapelekea wakubwa." Tangu siku hiyo hanisemeshi. Amesikia kila karatasi kwa masikio yake, na bado anaamini niliigeuza ili nipate tuzo. Miaka kumi na saba tumekunja mashuka pamoja, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Sasa tunakunja bila neno.

Ichapeni upya kwa mpangilio wake, na watu waambiwe. Ngao sina shida nayo.

Mama wa Kufulia


Jumanne, 2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako mara tatu. Pole sana kwa ya Jenerali.

Naomba unisikilize kama ungemsikiliza mwanao. Hakuna aliyejua. Karatasi zilikuja kwenye bahasha, zikasomwa kama zilivyokuja, na waamuzi wakazipenda. Tuzo imeshatangazwa redioni. Vionjo elfu tano vimeshasambazwa. Tukisema leo kwamba waamuzi watatu wenye elimu yote ile walisoma hadithi kuanzia mwishoni bila kugundua, watakuwa kichekesho, na mtu mzima akichekwa humtafuta wa kumtupia mzigo. Mzigo huo utanishukia mimi, na nimebakiza wiki tano tu nipate kazi ya kudumu.

Na niseme ukweli, Mama. Hata ikisomwa kinyume ni nzuri. Kuna watu wataisoma wakiwa wamechoka na maisha, waone kucha zinaota, wapate nguvu. Je, hilo ni baya? Kitabu kikitoka mwezi wa nane, wanawake wangapi wa kufulia watakuwa na hadithi yao ndani? Mkataa pema, pabaya panamwita.

Nakuomba, soma zile kurasa tatu tarehe ishirini, pokea ngao, halafu tutatafuta njia.

Binti yako


Jumatatu, 8 Aprili

Binti,

Usinivishe kilemba cha ukoka. Kikikauka nitabaki kichwa wazi mbele ya wenzangu.

Unaniuliza kama ni vibaya mtu aliyechoka akiona kucha zinaota. Ni vibaya, kwa sababu hazioti kwa kuendelea kufua. Nina ushahidi, ninashika kalamu nao. Yule aliyechoka akishaamini hivyo, kesho atarudi kutumbukiza mikono bila kusema neno, na atajilaumu yeye kwamba hakufua kwa moyo. Nimekaa mwaka mzima nikitafuta maneno ya kuwafikisha wanawake wanane penye mlango ule. Ninyi mmewatoa mlangoni mkawarudisha wakashukuru. Hata Meneja wangu hajawahi kuthubutu hivyo, yeye anasubiri tuseme asante wenyewe.

Unasema hakuna aliyejua. Barua yako ya kwanza ninayo hapa. Ulisema karatasi zote kumi na tisa ulizipiga chapa wewe. Mtu anaweza kusoma haraka akapitwa. Mpiga chapa huenda neno kwa neno. Kidole cha mtu kimekatika katika karatasi moja, na katika inayofuata kipo na kinashika sabuni, na wewe ukaendelea tu kupiga? Sikutukani. Nakuuliza kama mama yako angekuuliza.

Tarehe ishirini nitakuja, na nitasoma. Nitakachosoma nakijua mwenyewe.

Mama wa Kufulia


Alhamisi, 11 Aprili

Kwa Mshindi wa Kwanza,

Kamati imearifiwa juu ya malalamiko yako. Tunapenda kukufahamisha kwamba hadithi ikishatoka mikononi mwa mwandishi ni mali ya wasomaji wake, na wasomaji wenye uzoefu wameiona thamani ambayo pengine wewe mwenyewe hukuikusudia. Waandishi wengi wanaoanza hushtuka wanapogundua kuwa wameandika kitu kikubwa kuliko walivyofikiri.

Tumeambatanisha fomu ya ridhaa, inayosema kuwa mpangilio uliochapishwa ndio mpangilio wako. Itie sahihi na uirudishe kabla ya tarehe 18. Siku ya hafla utasoma kurasa tatu zilizomo katika Kionjo, na si vinginevyo.

Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi


Jumatatu, 15 Aprili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Fomu nimeipata. Ni karatasi nzuri, nzito, na nyuma haina maandishi, kwa hiyo nimeitumia kukuandikia barua hii.

Umesema hadithi ni mali ya wasomaji. Sawa. Basi wapeni yote, kuanzia mwanzo wake, waamue. Ninyi watatu mmeisoma ikiwa imepinduliwa, mkaona vidole vinarudi vyenyewe kwenye mikono ya watu, na mkasema ni ufundi. Mngekuwa mmefua hata leso zenu mngeshtuka.

Kuhusu kuandika kitu kikubwa kuliko nilivyofikiri, nilifikiri sana, Mheshimiwa. Nilifikiri dakika kumi na tano kila siku.

Sitii sahihi.

Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi,
Chumba cha Kufulia


Jumatano, 17 Aprili

Mama,

Barua hii naipeleka mwenyewe kwenye basi, maana posta haitafika kabla ya Jumamosi.

Nilijua. Nilijua nilipofika karatasi ya tano. Mwanamke yule mrefu alikuwa hana kidole cha shahada, kisha akanyoosha kidole hichohicho kuonyesha Dunia dirishani. Nikasimama, nikazigeuza karatasi zote, nikaisoma kuanzia chini. Nilipomaliza nilikwenda msalani nikalia. Mama yangu alikuwa mfanya usafi katika shule niliyosoma, na hajawahi kufunga mlango wowote.

Ilikuwa saa tisa, na bosi alitaka kazi saa kumi. Nilikuwa nimeshapiga karatasi tano na mashine yetu haina subira. Nikajiambia waamuzi watagundua. Waliposifu, nikajiambia labda wao wanajua zaidi. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema, na nilipokuandikia kwamba hakuna aliyejua nilikuwa naogopa kazi, si kingine. Nimekukosea wewe, na Jenerali wako nimemkosea bila kumjua.

Jumamosi nimepangiwa kukaa kwenye swichi ya kipaza sauti. Ukianza kusoma kitu tofauti, au ukipita ukurasa wa tatu, Mwenyekiti atanipa ishara nizime. Nakwambia ili ujue. Sijui nitafanya nini.

Binti


Jumatano, 24 Aprili

Mama yangu,

Uliondoka kabla sijakupata. Nilikuwa nimeshikwa mkono na Mwenyekiti, na hakuwa ananisalimia.

Nataka uisikie kutoka upande niliokaa mimi. Ulipanda jukwaani na rundo lako, ukalilaza juu ya meza, ukachomoa karatasi ya chini kabisa. Ukasema, "Hapa ndipo inapoanzia. Mliyoionja ilikuwa imegeuzwa, nami sikukubali." Kisha wewe ukaanza kusoma. Ulipochomoa ya nne, Mwenyekiti akanitazama, akapitisha kidole shingoni.

Sitakudanganya tena. Nilizima.

Wewe hukugeuka hata kutazama. Ulipandisha sauti tu, kama mtu ambaye amezoea kuongea juu ya mashine. Mzee mmoja wa mbele akalalamika kwamba hasikii. Ndipo mama mmoja mnene wa safu ya nyuma aliposimama, nami kwa sauti yake nikajua ni Jenerali kabla sijaambiwa, akasema, "Asiyesikia asogee. Viti vina miguu." Watu wakaanza kuburuta viti. Mkutubi naye akaburuta. Yule mwandishi wa fundi cherehani na jini alikaa sakafuni karibu na viatu vyako.

Kucha zilipoanza kudondoka, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alificha mikono yake mapajani. Kwenye karatasi ya kumi na mbili nikawasha kipaza sauti. Nilichelewa, kikalia kama paka aliyekanyagwa, na ukaniambia, "Zima kitu hicho, binti, tunasoma," ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Ulipofika mwisho, wanawake wamefunga mlango, Kampuni inabembeleza, hakuna anayejibu, ulikunja mikono ukasimama tu. Hakuna aliyepiga makofi kwa muda mrefu kiasi kwamba Mwenyekiti alidhani ameshinda. Halafu yalipigwa, na hayakuishia pale alipotaka yaishie.

Tuzo wameiondoa. Barua rasmi itakufikia, inasema umevunja masharti. Ngao wamempa wa fundi cherehani, naye ameirudisha mezani kwao na kusema amesahau kwake hakuna pa kuiweka. Sasa ipo kabatini, haina mtu.

Mimi niliandika ukweli wote wa karatasi ya tano, nikautia sahihi, nikaupeleka kwa bosi Jumatatu asubuhi. Kufika saa sita nilikuwa nimemwaga unga. Lakini kati ya saa tatu na saa sita mashine ya ofisi ilikuwa bado mikononi mwangu. Nimeipiga chapa "Vumbi la Mwezini" yote, kuanzia aproni mpaka mlango, nikatoa nakala sitini. Mkutubi amechukua ishirini, anaziweka pale vilipokuwa Vionjo. Thelathini zimo kwenye furushi hili. Kumi nimebaki nazo, na moja kati ya hizo nimempelekea mama yangu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Binti


Alhamisi, 2 Mei

Binti yangu,

Ulikosa, ukasema umekosa, ukalipa. Wakubwa zako hawajafika hata hatua ya pili. Mimi sina kinyongo. Ukihitaji shahidi popote utakapoomba kazi, niite, nitakuja na aproni yangu.

Jenerali amenisemesha. Ilikuwa kwenye basi la kurudi, tumekaa safari nzima bila neno, na tulipokaribia kushuka akasema, "Karatasi ya kumi na sita ulifuta niliposema usifute." Nikamwambia kweli, nilifuta. Basi tukaanza kugombana kama zamani, tukapitiliza kituo.

Furushi lako lilifika Ijumaa. Tulisoma kwa zamu, na wahudumu wa vyumba nao wakashuka kuchukua. Jumatatu tulikwenda ofisini wote wanane kuomba glavu. Meneja akasema tusubiri, na akatuuliza kama hatuoni kilichoandikwa ukutani. Jana saa moja asubuhi, tulipokwisha kuingia wote, Jenerali akasukuma komeo la mlango. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemuuliza. Mdogo wetu, yule anayeogopa mpaka mende, ndiye aliyesogeza toroli la taulo na kulikingamiza.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa ndani. Ni siku ya pili. Usiku walikuja wakazima taa, asubuhi wakaziwasha. Hoteli ina mkutano wa watu mia mbili na arobaini, na kwa hesabu yangu shuka safi la mwisho lilitandikwa leo saa tatu. Mhudumu wa ghorofa ya pili anatupitishia chakula kwenye dirisha la kutolea mvuke, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta.

Meneja alianza kwa kupiga mlango. Halafu akatisha kutuandikia barua za kutufukuza, halafu akawa mpole, akatuita dada zangu. Hatukujibu. Saa nne akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwani hiyo hadithi yenu inaishaje?" Anaijua ile ya asante tu, masikini.

Tukatazamana. Jenerali akachukua nakala moja, akatoa pini, akapitisha karatasi ya kwanza chini ya mlango. Tukasikia anaivuta. Baadaye akagonga kidogo, si kwa hasira, tukampa ya pili. Nadhani amekaa sakafuni, maana sauti yake inatokea chini. Penye kucha alichelewa sana, tukadhani ameondoka. Lakini aligonga.

Sasa hivi amemaliza ya kumi na nane. Ameuliza kama imebaki nyingine. Nimemwambia imebaki moja, aje na glavu.

Mama wa Kufulia